Filamu fupi ya kichocho kwa watu wa mialoni: vifaa, vibali, na mambo yanayoharibika

Mkazi_wa_Luchelele

Wakuu habari za jioni. Tupo wanne hapa Mwanza: wawili wapiga picha za harusi na vipindi, wawili walimu wa baiolojia. Tunataka kutengeneza filamu ya sayansi ya dakika 12 hivi kwa Kiswahili, ionyeshwe mialoni na mashuleni, kuanzia huku kwetu hadi Igombe na Kayenze, na ikiwezekana Ukerewe.

Wazo la kwanza lilikuwa "Ziwa Victoria lina hali gani": sangara na furu, gugumaji, uchafu wa mji, na kichocho. Mwalimu mmoja anasema tubaki na kichocho peke yake. Wengine tunaona hapo tutakuwa tumejibana.

Tuna kamera moja ya kubadili lenzi, simu mbili nzuri, stendi, na maiki mbili za kubana shatini. Hadubini tunaweza kuazima shuleni. Maswali:

1. Kimelea cha kichocho tutakionyeshaje kwa macho bila kuchukua vipande vya video vya watu wa nje?
2. Sauti ya ziwani inatushinda. Kila tukirekodi ufukweni tunapata upepo mtupu.
3. Vibali gani ni vya lazima?
4. Mwaloni tunaonyeshaje, na lini watu wanapatikana?

Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi, siyo ya kutiana moyo tu. Karibuni.

---

Kioo_na_Hadubini

Mkuu, msikilize huyo mwalimu. Dakika 12 kwa Kiswahili ni maneno machache kuliko mnavyofikiri. Msimulizi anayeeleweka husoma maneno 110 hivi kwa dakika, na filamu inahitaji theluthi moja ya muda bila maneno ili mtu apate nafasi ya kutazama. Kwa hiyo mna maneno 850 tu, kurasa mbili za daftari. Sangara peke yake, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950 na kuongezeka kwa kasi miaka ya 1980 huku aina nyingi za furu zikipotea, anamaliza hizo kurasa zote. Mkiweka mambo manne, kila moja litapewa dakika tatu na mtazamaji ataondoka na majina tu.

Kichocho kina faida nyingine: kitu chenyewe kinaonekana. Konokono yuko hapo kwenye matete, kimelea kinamtoka mchana kweupe, na mnaweza kukipiga picha hapa hapa Mwanza.

Nije kwenye swali la kwanza. Konokono mnayemtafuta ni wa jenasi ya Biomphalaria. Gamba lake ni bapa, limejiviringisha bila kuwa na ncha, upana wake milimita 10 hivi au pungufu. Utamkuta kwenye matete, kwenye mizizi ya gugumaji na kwenye mawe ya pwani. Lakini msiende wenyewe na ndoo. Konokono wanaotoa vimelea mara nyingi ni wachache sana kati ya wengi, hivyo watu hukusanya kumi, wanakaa siku nzima mbele ya kamera, na hakitoki kitu. Njia ya uhakika ni kuzungumza na maabara ya utafiti inayofanya kazi ya kichocho. Kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kiko hapo Mwanza. Waulizeni kama wana konokono waliokwisha kupimwa na kuonekana wanatoa serkaria, ndiyo hatua ya kimelea inayoingia kwenye ngozi.

Siku ya kupiga picha mpangilio ni huu. Konokono anakaa gizani usiku kucha. Asubuhi anawekwa kwenye kikombe kidogo cha kioo chenye mililita 10 hadi 20 za maji yasiyo na klorini (ya bomba yakae wazi saa 24 kwanza). Kuanzia saa nne asubuhi mnampa mwanga, maana mwanga ndio unaowatoa serkaria. Subirini saa moja hadi nne. Shoti ya kwanza msiipige kwa hadubini. Tumia kisanduku chembamba cha kioo, unene sentimita 3 hivi, weka kitambaa cheusi nyuma yake kwa umbali wa sentimita 30, na taa moja ya pembeni isiyogusa kitambaa. Serkaria wataonekana kama vidoa vyeupe vinavyopanda na kushuka. Ukitazama kwa makini, wanapanda mkia ukiwa mbele, kisha wanaacha kutikisika na kuzama polepole, halafu wanapanda tena. Acha hiyo shoti sekunde 20 nzima bila maneno. Ndiyo filamu yenyewe hiyo.

Kisha hadubini. Lenzi ya 4 na jicho la 10 inatosha kuona kundi, lenzi ya 10 inakupa mkia wenye panda mwishoni. Mwili na mkia kwa pamoja ni karibu nusu milimita. Tumia kioo chenye kishimo, tone moja, na ulibadilishe kila dakika tano, kwa sababu taa inalipasha joto, wanadhoofika, na unaishia kupiga picha mizoga. Simu ifungwe kwenye kishikio, usiishike kwa mkono. Tumia lenzi ya kawaida, siyo ya upana mkubwa, na bonyeza kurekodi kwa kitufe cha sauti cha waya wa masikioni ili hadubini isitikisike. Funga mwanga, rangi na fokasi kabla ya kuanza.

Mambo mawili yanayoharibu hapa. La kwanza ni kupepesa: umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo rekodi fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50 au 1/100. Ukiacha simu ijiamulie 30, michirizi itapita kwenye picha na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. La pili ni ukubwa. Mtu ambaye hajawahi kutumia hadubini akiona mnyama amejaa kwenye shuka la mita mbili hana namna ya kujua ni mdogo kiasi gani. Weka unywele wa kichwani kwenye tone lile lile. Unywele kila mtu anaujua, na hauzidi sehemu ya kumi ya milimita.

Kimelea kinavyoingia kwenye ngozi msijaribu kukipiga picha kwa mtu. Hapo chora. Makaratasi ya kukata juu ya kioo, kamera ikiangalia chini, picha 12 kwa sekunde. Sekunde kumi ni picha 120, kazi ya mchana mmoja.

---

Fundi_Mawimbi

Amemaliza vizuri huko juu. Mimi nashika sauti na mwanga.

Upepo. Sponji nyeusi inayokuja na maiki haisaidii kitu ziwani, ni ya kuzuia pumzi ya mdomo. Mnahitaji kifuniko cha manyoya marefu juu ya sponji. Mkikosa cha dukani, kipande cha kitambaa cha manyoya cha kutengenezea midoli kinafanya kazi, mradi nyuma yake pasiwe na mpira unaozuia sauti. Maiki ya shatini ibandikwe ndani ya nguo, chini kidogo ya mfupa wa kifua, kwa plasta, na waya ufanyiwe kitanzi ili usivute. Koti la kuokolea maisha linasugua maiki vibaya sana, kwa hiyo akiwa ndani ya mtumbwi mpitishie kwenye kola, juu ya koti.

Washeni kichujio cha sauti nzito kwenye kinasa, hezi 80 au 100. Kiwango cha sauti kicheze kwenye desibeli -12, kisipande kufika sifuri hata akicheka. Na kabla ya kuondoka kila eneo, rekodini dakika moja ya mahali pale watu wakiwa kimya: mawimbi, ndege, injini za mbali. Bila hiyo mhariri hana cha kuzibia pale anapokata neno, na kila mkato utasikika.

Lakini dawa kubwa kuliko vifaa ni saa. Upepo wa kutoka ziwani huanza kupata nguvu kadiri nchi kavu inavyopata joto, kuelekea mchana. Mahojiano ya ufukweni yafanyike kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na ndipo mwanga nao ni mzuri. Jua la Mwanza linafika utosini karibu na saa saba mchana na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Saa hizo ingieni kivulini au fanyeni kazi za ndani. Kuna mgongano hapa ambao mtaupata: serkaria wanatoka kwa wingi jua likiwa kali, kwa hiyo shoti za watoto wanaooga na akina mama wanaofua mnazitaka za mchana. Zipigeni mchana, bila mahojiano, kwa lenzi ndefu.

Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama na ziwa nyuma yake, kamera itapima maji na kumfanya kivuli. Msimwongezee taa. Mgeuzeni, nyuma yake pawe na mawe au mitumbwi, au pimeni mwanga usoni na muache maji yaungue kidogo. Bora maji yapotee kuliko uso.

Kuona ndani ya maji, nunueni kichujio cha polaraizi. Kizungushe hadi mng'ao upotee, na kamera itazame maji kwa mteremko wa nyuzi 35 hadi 40 hivi kutoka usawa wa maji. Ukitazama wima kutoka juu hakifanyi kitu. Kinakula mwanga, kama stopu moja na nusu. Kupiga picha chini ya maji karibu na mji sahauni, maji ni ya kijani na unaona ukungu. Kisanduku cha kioo kinatoa picha bora mara kumi.

Simu zina ugonjwa mwingine: fremu zao hazina kasi moja, hivyo sauti ya kinasa huanza kupishana na midomo baada ya dakika chache. Pitisheni faili kwenye HandBrake (programu ya kubadili video) kwanza, mchague kasi isiyobadilika ya fremu 25, ndipo mhariri.

Halafu kitu kidogo kinachosahaulika: megabiti 50 kwa sekunde ni takribani gigabaiti 22 kwa saa. Nakala mbili kila jioni, kwenye diski mbili zisizokaa begi moja. Mtumbwi ni mtumbwi.

---

Mkazi_wa_Luchelele

Wakuu, hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Tumekubaliana, kichocho peke yake.

Nyongeza: nani aeleze? Tuna mtafiti aliyekubali kuhojiwa ila anaongea kama anasoma ripoti. Na ujumbe wetu wa mwisho tulipanga uwe "epuka maji ya ziwa, meza dawa". Unatosha?

---

Dada_Maabara

Huo ujumbe utawapotezea watazamaji wote, kaka. Mvuvi hawezi kuepuka ziwa. Anayeanika dagaa, anayevuta kokoro, mama asiye na bomba: wote mmewaambia waache kazi na maji. Wataguna, na watakuwa na haki.

Semeni kinachowezekana na kilicho kweli, kwa mpangilio huu.

Mayai ya kimelea huku ziwani yanatoka na kinyesi. Kichocho kinachojulikana zaidi na watu, cha kukojoa damu, ni cha aina nyingine, na konokono wake ni mwingine, wa madimbwi na mabwawa ya huko bara. Msipolisema hili mapema, mtu wa mwaloni atajiangalia mkojo, hana damu, na ataamua filamu haimhusu. Cha ziwani, Schistosoma mansoni, kinakaa kwenye mishipa ya damu ya matumbo. Kinaleta maumivu ya tumbo, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye choo, na kikikaa miaka mingi kinaharibu ini na tumbo kujaa maji. Wengi hawana dalili yoyote kwa muda mrefu.

Dawa ni prazikwanteli, kipimo cha kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Inaua minyoo mikubwa. Haiui vizuri ile michanga iliyoingia majuzi, na haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake. Lisemeni waziwazi. Msiposema, mtu atameza, atarudi majini, atapimwa baadaye na kukutwa nacho, na ataeneza habari kwamba dawa ni feki. Semeni pia kwamba tumbo tupu linaongeza kizunguzungu na kichefuchefu, wale kwanza.

Maji yaliyotekwa yasiyo na konokono, yakikaa ndoo imefunikwa siku mbili, serkaria waliomo wanakuwa wamekufa. Hayo ni ya kuoga na kufua. Ya kunywa bado yachemshwe, kwa sababu ya magonjwa mengine. Kuingia majini asubuhi na mapema kunapunguza hatari kuliko mchana, ila hakuiondoi. Na choo: choo ndicho kinachokata mzunguko, kwa sababu yai lisipofika majini haliangui pale penye konokono.

Kuhusu kupiga picha maabara, Kioo_na_Hadubini amepita haraka kwenye usalama. Glavu ni lazima kwa kila mtu anayekaribia hicho kikombe, mpiga picha akiwemo. Tone likikudondokea, pangusa palepale na upake spiriti ya asilimia 70, maana wanapenya ngozi ndani ya dakika. Maji yakishatumika yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, msiyamwage kwenye sinki wala uani. Na mtaalamu athibitishe mlichokipiga ni kipi. Konokono wanatoa serkaria wa wanyama pia. Wa ndege nao wana mkia wenye panda, lakini wana vidoa viwili vya macho. Wa minyoo ya ini ya ng'ombe wana mkia mmoja ulionyooka, nao hutoka kwa konokono tofauti. Filamu ikionyesha kimelea cha bata na kukiita cha binadamu, mwanasayansi mmoja tu akiiona imekwisha.

Huyo mtafiti msimwulize "kichocho ni nini". Mwambieni "nionyeshe". Mpeni kikombe, konokono, hadubini, na msimamisheni mvuvi wa kweli pembeni yake awe ndiye anayeuliza. Mtu akiwa na kitu mkononi na mtu wa kumweleza, ile lugha ya ripoti inaisha yenyewe. Hapo kata maswali, acha mazungumzo. Simulizi iliyobaki isomwe na mtu mwenye Kiswahili cha kanda ya ziwa, siyo sauti ya tangazo la benki.

Vibali sasa. Bodi ya Filamu Tanzania kwa kupiga picha na kwa kukaguliwa kabla ya kuonyesha hadharani, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha uongozi wa mwalo na BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo). Mkianzia chini mtarudishwa juu, mkianzia juu na kumruka mwenyekiti wa mwalo mtakosa watu. Droni inasajiliwa na kuombewa kibali TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), na kumbukeni uwanja wa ndege wa Mwanza uko kando ya ziwa, Ilemela, kwa hiyo upande wa Igombe msirushe kitu kwa kubahatisha. Mkitaka kuhoji watu kabla na baada ili mchapishe matokeo, hiyo ni tafiti na inahitaji kibali cha maadili; kujaribu tu kama wameelewa si lazima.

Mgonjwa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa ya maandishi, aielewe, na mrudieni filamu ikishahaririwa aone alivyotokea. Mtoto anasainiwa na mzazi, na akikataa mwenyewe mwacheni. Msionyeshe mtu akijisaidia vichakani hata kwa mbali, na msitaje mwalo mmoja kwa jina kuwa ndio wenye kichocho. Dagaa wao watakosa mnunuzi, ilhali huu ugonjwa haupatikani kwa kula dagaa. Hilo nalo litajeni.

---

Sinema_Mwaloni

Swali la nne ni langu.

Angalieni mwezi kabla ya kalenda. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiandama wako majini, na onyesho lenu litahudhuriwa na watoto na mbwa. Siku za mbalamwezi wanalala nchi kavu, wanatengeneza nyavu, wana muda. Mtu atasema mwanga wa mwezi utaharibu picha. Hesabu inakataa: projekta ya lumeni 2,000 kwenye shuka la mita 2.4 kwa 1.35 inatoa zaidi ya laksi 600, mwezi mpevu haufiki hata nusu laksi. Na faida ya ziada, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi huwa wengi zaidi karibu na mwezi mwandamo. Wakikuta projekta, wanajaa kwenye lenzi na kwenye feni yake. Kwa vyovyote funika tundu la hewa kwa chandarua chepesi, siyo kitambaa kizito, isije ikaungua.

Giza la kutosha Mwanza linaingia saa moja na nusu usiku. Anzeni saa mbili.

Lumeni zisomeni kwa makini. Projekta ndogo za bei nafuu zinaandikwa elfu tisa, elfu kumi, na nyingi hazifikii hata mia tano za kweli. Ulizeni lumeni za ANSI.

Umeme: projekta ya taa wati 250, kompyuta 50, spika 80, jumla 380. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Msiimalize, tumieni nusu, na inveta inakula asilimia 15. Mnabaki na 510, yaani saa moja na dakika ishirini. Inatosha kuonyesha mara mbili na mjadala. Mkiwa na jenereta, ikae mita 30, upande ambao upepo hauleti kelele kwa watu, na waya uwe wa milimita za mraba 2.5, si ule mwembamba wa kuchajia simu. Mwisho wa onyesho iacheni feni ya projekta ijizime yenyewe ndipo mchomoe. Balbu nyingi hufia hapo.

Shuka ni tanga. Likifungwa kwenye nguzo mbili wazi ufukweni, upepo wa usiku utaliangusha. Tafuteni ukuta wa ofisi ya mwalo au ghala. Kama hakuna ukuta, nyuma ya shuka jeupe shona kitambaa cheusi ili mwanga usipite, na kamba nne za pembeni zifungwe kwenye mawe. Mtazamaji wa mwisho asizidi mita 14 kwa shuka la upana huo.

Spika ziwe mbili, zimeinuliwa juu ya vichwa. Watu watavumilia picha hafifu, sauti isiyosikika wanaondoka.

Jambo la lugha. Wazee wa visiwani na baadhi ya akina mama watafuata vizuri zaidi kwa Kikerewe, Kijita au Kisukuma. Hili si geni: mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliofanya kazi Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, uliweka sauti kwenye sahani za santuri nje ya filamu, ili maelezo yabadilishwe kwa lugha. Ninyi mna wepesi zaidi. Mhariri atoe faili tatu za sauti: simulizi peke yake, mazungumzo peke yake, na sauti za mazingira na muziki. Bila hivyo, siku mkitaka kuingiza Kisukuma mtalazimika kufuta na mawimbi.

Na kabla ya kuimaliza, toleo bichi lipelekeni kwa watu wanane au kumi wa mwaloni. Msiulize "mmeipenda?", watasema ndiyo, ni wastaarabu. Waambieni mmoja amweleze jirani aliyechelewa: kile kidudu kinatoka wapi, kinaingia wapi, kwa nini dawa inamezwa tena. Pale anapokwama ndipo filamu imekwama.

---

Mtu_wa_Nansio

Naheshimu mawazo ya wakuu hapo juu ila mnaiwazia filamu moja ya kwenye shuka tu. Wengi wataiona kwenye simu ya mtu mwingine, imesambazwa mara ishirini. Kateni vipande vinne vya dakika mbili hadi tatu, kila kimoja kijitegemee: konokono, dawa, maji ya ndoo, choo. Toleo la wima lipangwe tangu siku ya kupiga picha, kitu muhimu kikae katikati ya fremu, siyo baadaye mkate vichwa.

Hesabu ya faili: picha kwa kilobiti 500 kwa sekunde, sauti 64, dakika tatu ni megabaiti 13 kasoro. Inapita kwenye bando dogo. Picha ya serkaria itapasuka vipande kwa kiwango hicho kwa sababu vidoa vinavyotembea juu ya giza ni vigumu kubanwa, kwa hiyo hicho kipande kipeni 800 au 1,000 na mfupishe muda.

Pia tengenezeni toleo lenye maandishi makubwa lisilotegemea sauti. Runinga za zahanati na za kwenye meli za Ukerewe mara nyingi sauti imezimwa, na abiria amekaa saa tatu hana pa kwenda. Hakuna mahali pengine mtapata mtazamaji wa namna hiyo bure. Zungumzeni na wenye chombo mapema, wapeni faili kwenye flashi, umbizo la MP4 la H.264, siyo H.265, maana runinga za zamani zinalikataa.

---

Mkazi_wa_Luchelele

Asanteni sana wakuu. La mwisho: tunaanzia wapi, maabara au mwaloni? Mwezi ujao walimu wako likizo wiki mbili tu.

---

Kioo_na_Hadubini

Barua za vibali ziende wiki hii, zinachukua muda kuliko kazi yote. Likizo ikianza, maabara kwanza. Konokono anaweza kufa au kuacha kutoa serkaria, na mkikosa hiyo shoti hakuna filamu. Mwalo upo siku zote. Ombeni siku mbili mfululizo, siyo moja. Siku ya kwanza mtapoteza asubuhi nzima mkitafuta mwanga na fokasi. Nendeni na taa ya betri yenu wenyewe, kwa sababu taa za dari za maabara nyingi zinapepesa, na kitambaa cheusi mita mbili, kwa sababu hakuna maabara iliyowahi kuwa nacho.